UZI: Daphne Park, binti aliyekulia Tanganyika akaenda kuwa jasusi wa Uingereza Kongo. Je, ndiye aliyepanga kifo cha Lumumba?

Mleta uzi

Wakuu, heshima kwenu.

Kwenye uzi wa juzi wa Lumumba, waziri mkuu wa kwanza wa Kongo, kuna mchangiaji aliandika kwamba "yule bibi wa Kiingereza ndiye aliyemuua, tena alikiri mwenyewe". Akajibiwa na mwenzake kwamba huo ni uzushi, bibi huyo hayupo. Bibi alikuwepo. Ila hilo la kuua halijakaa vile lilivyosemwa. Nimemfuatilia huyu mama kwa miaka kadhaa sasa, kwa hiyo nimeona nimfungulie uzi wake. Ni mrefu, nitaumwaga kwa vipande.

Anaitwa Daphne Park. Kwenye karatasi alikuwa mwanadiplomasia: katibu wa pili wa ubalozi wa Uingereza Moscow, konsuli na katibu wa kwanza Léopoldville (Kinshasa ya leo), katibu wa kwanza Lusaka, konsuli mkuu Hanoi, kisha kaimu balozi kwa miezi michache Ulan Bator, Mongolia. Nyuma ya hizo karatasi alikuwa ofisa wa MI6, idara ya Uingereza ya ujasusi wa nje, tangu 1948. Na kabla ya yote hayo alikuwa mtoto wa porini huku kwetu.

Alizaliwa Uingereza, Septemba 1921. Baba yake, John Alexander Park, alikuja Afrika akiwa kijana kwa sababu ya kifua kikuu. Enzi hizo dawa haikuwepo, na daktari alichoweza kukushauri ni kufuata jua na hewa kavu. Vita vya Kwanza vikamkuta Nyasaland (Malawi ya leo), akaingizwa kwenye intelijensia ya jeshi. Vita ilipoisha alibaki huku huku, na binti yake akaletwa Tanganyika akiwa bado mchanga wa miezi tu.

Mzee Park alijaribu kilimo, kikamshinda. Akajaribu dhahabu kule Lupa. Nyumba yao ilikuwa ya udongo, hakuna bomba, hakuna umeme. Shule hakuna, mama ndiye aliyemfundisha kwa masomo yanayokuja kwa posta. Tukisikia "mzungu wa Tanganyika" huwa tunafikiria jumba lenye baraza pana na watumishi kumi. Hawa hawakuwa hivyo. Walikuwa wazungu waliochalala, wanaosubiri mchanga wa mto uwape chochote.

Mwaka 1932, akiwa na miaka 11, ikaamuliwa aende shule London. Kutoka pale walipokuwa wakiishi hadi kwenye barabara ya kupata lori ilikuwa mwendo wa siku tatu kwa miguu. Mtoto wa miaka 11 alitembea siku tatu, akapanda lori, kisha reli hadi pwani, kisha meli. Alikuwa mtu mzima kabisa alipokuja kuwaona wazazi wake tena. Mdogo wake wa kiume alifariki huku nyuma, wala hawakuonana tena.

Hapo nawaomba mpashike, kwa sababu nitapagusa tena mbele. Huyu si mtu aliyesoma Afrika vitabuni. Kulala kwenye nyumba ya udongo, kunywa maji ya kutekwa, kukaa na watu wasiofanana naye na kusikiliza wanachosema, vyote alivijua kabla hajajua taa ya umeme.

Naendelea baadaye kidogo.

Mchangiaji, Chunya

Mkuu, umenigusa. Mimi ni wa Chunya, hiyo Lupa unayoitaja ndiyo shamba letu. Babu yangu alikuwa akisimulia habari za wazungu wa dhahabu, kwamba si wote walikuwa na hela. Kuna waliokuwa wakikopa unga dukani kwa Mhindi mpaka mvua inyeshe, maji yapatikane, wachekeche mchanga. Wakipata chembe mbili tatu wanalipa deni, wanaanza kukopa upya.

Mpaka leo ukipita kando ya mito yetu utaona mashimo ya zamani yamejaa vichaka. Vijana wa siku hizi wana maduara yao (mashimo ya machimbo) na karasha zao (mashine za kusaga mawe), lakini ile ya kuchekecha mtoni kwa karai bado ipo, hasa akina mama. Kwa hiyo nikisoma kwamba mtu wa MI6 alikulia kwenye mchanga huu, nauona kabisa. Tiririka mkuu.

Mleta uzi

Ahsante sana ndugu wa Chunya. Simulizi ya babu yako imejaza pale ambapo vitabu vinapita haraka.

Kipande cha pili, nacho nitakipita upesi.

Shule ya London ilikuwa ya wasichana, Rosa Bassett, kule Streatham. Kutoka hapo akapata nafasi Somerville, chuo cha wanawake Oxford, akasoma lugha, Kifaransa hasa. Alimaliza 1943, vita ikiwa imepamba moto. Serikali ilimpa kazi za ofisini, za heshima, akazikataa. Alitaka vita yenyewe. Akajiunga na FANY, kikosi cha wanawake ambacho kwa jina kilikuwa cha uuguzi lakini kilitoa wanawake wengi kwa SOE, ile idara ya Churchill ya hujuma nyuma ya mistari ya adui. Daphne akawa mkufunzi wa siri za maandishi, akiwafundisha makomando walioitwa Jedburgh, waliokuwa wakirushwa kwa miavuli Ufaransa watatu watatu.

Baada ya vita alikuwa Vienna, mji uliogawanywa na majeshi manne, kila mmoja akiwinda wanasayansi wa Kijerumani. Mwaka 1948 MI6 wakamchukua. Wakampeleka Cambridge kujifunza Kirusi, na 1954 akatua Moscow. Stalin alikuwa amekufa mwaka mmoja nyuma. Alikaa hadi 1956.

Huu ujana wa vita na Moscow waandishi wa Kiingereza wanaupenda sana, wanaujaza kurasa. Mimi sina haja nao leo. Kinachotuhusu kinaanza 1959.

Mchangiaji, Dar

Samahani mleta uzi, kabla hujaenda Kongo, swali la mtu asiyejua. Inakuwaje mtu awe mwanadiplomasia na jasusi kwa wakati mmoja? Balozi anajua? Nchi mwenyeji inajua?

Mleta uzi

Swali zuri, na ndipo wengi wanapochanganya.

Balozi anajua. Kila ubalozi mkubwa wa nchi kubwa una ofisa mmoja au zaidi ambao mshahara wao na taarifa zao haziendi Wizara ya Mambo ya Nje bali idara ya ujasusi. Mezani wana cheo cha kawaida kabisa, katibu wa pili, konsuli, na wanafanya kazi ya cheo hicho kweli: wanagonga viza, wanahudhuria tafrija. Faida yake ni kinga. Jasusi mwenye pasi ya kidiplomasia akikamatwa, mwenyeji atamfukuza tu, hamfungi. Asiyekuwa nayo anaweza kunyongwa.

Nchi mwenyeji mara nyingi hubahatisha, na mara nyingi hupatia. Uingereza yenyewe haikukiri kwamba MI6 ipo hadi 1992, na sheria ya kuitambua ikapita 1994. Kwa hiyo Daphne alitumikia miaka zaidi ya 30 idara ambayo kiserikali haikuwepo. Léopoldville balozi alikuwa Ian Scott, na huyu mama alikuwa chini yake kwa cheo. Kwa kazi halisi, hapana.

Sasa Kongo.

Alifika 1959. Wabelgiji bado wanatawala, lakini ardhi imeanza kutetemeka. Januari mwaka ule Léopoldville ililipuka kwa ghasia, watu wengi wakafa. Lumumba alikuwa ametoka Accra mwezi mmoja kabla, kwenye mkutano wa watu wa Afrika yote, amerudi na moto.

Alichofanya Daphne kilikuwa cha kijinga machoni pa wazungu wenzake. Walikaa mtaa wa Ulaya, wenye bustani. Yeye akachukua nyumba nje ya mtaa ule, kwenye barabara inayoelekea uwanja wa ndege. Kwa nini? Kwa sababu Mkongo akionekana jioni anaingia mtaa wa Ulaya, askari wa Kibelgiji anamwuliza anakwenda kwa nani. Barabara ya uwanja wa ndege hakuna wa kuuliza. Vijana wa vyama, makarani, waandishi, wakawa wanapita kwake. Wanakaa, wanakunywa, wanazungumza. Yeye anasikiliza.

Gari lake lilikuwa Citroën 2CV, lile dogo lenye paa la turubai. Mama mnene kiasi, mchangamfu, nguo za kawaida. Mwenyewe alikuja kusema baadaye kwamba siku zote alikuwa na sura ya mmisionari mnene mwenye furaha, na kwamba isingemsaidia kitu kama angetembea akiwa na sura ya kutisha.

Wakuu, hiyo si mbinu ya chuoni. Huyo ni yule mtoto wa Lupa.

Sasa angalieni hesabu. Uhuru ulipokuja, 30 Juni 1960, nchi nyingi za Magharibi hazikuwa na mtu hata mmoja aliyewajua viongozi wapya kwa majina yao, sembuse kwa ugomvi wao. Chama cha Lumumba kilikuwa kimepata viti 33 kati ya 137 bungeni, kikubwa kuliko vyote lakini mbali na wingi. Yaani serikali nzima ilisimama juu ya maelewano ya watu wasioaminiana. Aliyejua nani hamwamini nani alikuwa ameshika ufunguo.

Siku tano tu baada ya uhuru jeshi likaasi. Tarehe 11 Julai Tshombe, kiongozi wa jimbo la Katanga, akatangaza Katanga imejitenga, na Katanga ndiko kulikokuwa na shaba, kobalti, na uranium ya Shinkolobwe iliyotumika kwenye bomu la Hiroshima. Uingereza nayo haikuwa mtazamaji. Kampuni ya Kiingereza iliyoitwa Tanganyika Concessions, iliyochukua jina la ziwa letu, ilikuwa na hisa ndani ya Union Minière, kampuni iliyochimba shaba ile. Hilo wengi hawalijui. Tunasema Wabelgiji, Wabelgiji, ilhali London nayo ilikula kwenye sinia hilo hilo.

Septemba 5 Rais Kasa-Vubu akamfukuza Lumumba uwaziri mkuu. Lumumba naye akamfukuza Kasa-Vubu. Septemba 14 Mobutu, mkuu wa jeshi, akawaweka pembeni wote wawili, akaunda serikali ya vijana wasomi, Baraza la Makamishna.

Na hapa ndipo kisa ambacho kwangu kina uzito kuliko hayo maneno yote ya "alikiri". Lumumba alikuwa na katibu wake wa karibu, Damien Kandolo. Kandolo akageuka. Watu wa Lumumba wakawa wanamtafuta. Daphne akamficha ndani ya buti ya 2CV, akamtorosha, akampitisha vizuizini akiwa na ile sura yake ya mmisionari. Waingereza wanakisimulia kama kisa cha ujasiri, na ujasiri ulikuwepo, sibishi. Lakini wanaishia pale buti inapofunguliwa. Kandolo alikwenda wapi? Alikwenda kukaa kwenye lile Baraza la Makamishna. Na Baraza hilo ndilo lililokuja kumtoa Lumumba gerezani na kumpeleka Katanga.

Naweka nukta hapo, nikale.

Mchangiaji, Mwanza

Aisee. Hiyo ya buti sikuwahi kuisikia. Yaani mtu mmoja kwenye buti ya gari dogo vile!

Mchangiaji, Nairobi

Naomba kutofautiana kidogo na mleta uzi. Kuokoa mtu asiuawe ni kosa? Kama Kandolo angekamatwa siku ile, angekuwa maiti. Mimi ningemwokoa pia. Huwezi kumlaumu mtu kwa kile aliyeokolewa alichofanya miezi baadaye. Na tusisahau 1960 ilikuwa Vita Baridi, ndege za Urusi zilikuwa zimeshatua Kongo kumsaidia Lumumba. Kila upande ulikuwa na watu wake.

Mleta uzi

Ndugu wa Nairobi, hoja yako naiheshimu na sitaizunguka. Kuokoa roho si kosa. Ninachosema ni kwamba hakumwokoa kama jirani anavyomwokoa jirani. Alimwokoa kama ofisa aliye kazini, na kazi ilikuwa nini? Alilieleza mwenyewe, hadharani, kwenye kipindi cha Panorama cha BBC mwaka 1993. Nitalisema kwa maneno yangu: ukishapata habari za ndani za kundi, unajua nguvu iko wapi, unajua nani anaogopa nini kwa nani. Kisha unawachonganisha kimyakimya. Wanamalizana wenyewe kwa wenyewe. Sisi hatuwamalizi.

Soma tena hiyo sentensi ya mwisho. Mtu akisema hivyo juu ya kazi yake, haifai tena kumwuliza kama alishika bunduki. Hakushika. Kiswahili kina neno lake kamili, uchonganishi, na wazee wetu hawakumweka mchonganishi mbali na muuaji.

Kuhusu Warusi, ni kweli, Lumumba aliomba msaada wao baada ya kuona Umoja wa Mataifa haumwondolei Tshombe. Hilo liliwatisha London na Washington kupita kiasi. Septemba ile ile Eisenhower alimwambia Lord Home, waziri wa mambo ya nje wa Uingereza, kwamba anatamani Lumumba aangukie mto uliojaa mamba. Home akajibu kwa kusikitika kwamba wamepoteza mbinu nyingi za diplomasia ya kizamani. Hayo yapo kwenye kumbukumbu za mkutano wenyewe. Na mwezi huo huo ofisa wa Wizara ya Mambo ya Nje, Howard Smith, aliandika waraka wa ndani akasema anaona njia mbili tu. Ya kwanza, nyepesi, ni kuhakikisha Lumumba anaondoka kwa kuuawa. Ya pili ni kubadili katiba ili waziri mkuu apunguziwe nguvu. Akaongeza kwamba yeye angependa ya kwanza. Huyu hakuwa mlevi wa baa. Baadaye alikuja kuwa mkuu wa MI5, idara ya usalama wa ndani.

Wamarekani walikwenda mbele zaidi. Mkemia wa CIA, Sidney Gottlieb, alifika Léopoldville na sumu mkononi, akamkabidhi mkuu wa kituo, Larry Devlin. Devlin aliandika kwamba hakuitumia, aliitupa mtoni.

Mchangiaji, Lubumbashi

Bandugu, jambo yenu. Miye niko Lubumbashi. Mleta uzi anasema vizuri, lakini niongeze ya huku, kwa sababu huku ndiko alikoletwa kufa.

Lumumba alitoroka nyumbani kwake Léopoldville mwisho wa Novemba, mvua inanyesha, anataka kufika Stanleyville (Kisangani ya leo) kwa watu wake. Wakamkamata mto Sankuru, kwa sababu alikuwa anasimama kila kijiji kuongea na watu. Wakamfunga Thysville, kusini-magharibi mwa Léopoldville. Tarehe 17 Januari 1961 wakamrusha kwa ndege hadi huku, pamoja na Maurice Mpolo na Joseph Okito. Njiani walipigwa mpaka rubani akalalamika. Kwanza waliwekwa nyumba ya Brouwez, karibu na uwanja wa Luano. Tshombe na mawaziri wake walikuja kuwaona pale. Usiku huo huo wakapelekwa porini, kama kilomita 50 na mji. Ile fasi inaitwa Shilatembo. Walipigwa risasi mmoja mmoja, na maofisa wa Kibelgiji ndio waliosimamia.

Halafu polisi wa Kibelgiji, Gerard Soete, akafukua miili, akaikata, akaiyeyusha kwa asidi. Meno akajiwekea. Jino moja ndilo lilirudishwa Juni 2022.

Wazee wetu huku hawakuwahi kumtaja Mwingereza. Walitaja Tshombe, Munongo waziri wake wa mambo ya ndani, na Wabelgiji. Kwa hiyo huyo mama nasoma habari zake leo kwa mara ya kwanza, na ninataka kujua mleta uzi atafika wapi.

Mleta uzi

Ndugu wa Lubumbashi, pole, na ahsante. Ni heshima kupata mtu wa huko kwenye uzi huu. Nafika sasa hivi.

Habari ya "alikiri" ilianza 2013, miaka mitatu baada ya Daphne kufa. Lord Lea, mjumbe wa Baraza la Malodi kule London, aliandika barua kwa jarida la London Review of Books. Alisema kwamba miezi michache kabla ya kifo cha Daphne walikunywa chai pamoja, naye Lea akamtajia lile vurumai la kutekwa na kuuawa kwa Lumumba, na ule uvumi kwamba MI6 ilihusika. Kwa mujibu wa Lea, Daphne akamjibu: tulihusika, mimi ndiye niliyepanga. Tena akatoa sababu, kwamba vinginevyo Lumumba angewapa Warusi kila kitu, uranium, almasi na madini mengine.

Msingi wa habari nzima ni huo, kikombe kimoja cha chai. Hakuna shahidi wa tatu, hakuna karatasi. Na mwenyewe hayupo kuulizwa.

Upande wa pili kuna karatasi nyingi, na zote zinaelekea Brussels. Waziri wa Ubelgiji wa mambo ya Afrika, Harold d'Aspremont Lynden, alishaandika Oktoba 1960 juu ya kumwondoa Lumumba kabisa kabisa. Tarehe 16 Januari 1961, siku moja kabla, ndiye aliyemhimiza Tshombe ampokee. Tume ya bunge la Ubelgiji ilichimba haya yote, ikamaliza 2001 ikisema baadhi ya mawaziri wao wana dhamana ya kimaadili. Serikali yao ikaomba radhi 2002. Uingereza haijawahi kufanya uchunguzi wa namna hiyo.

Msimamo wangu, na nausema wazi ili nipingwe wazi. Siamini kwamba Daphne Park alipanga safari ya ndege ya 17 Januari. Mnyororo wa Wabelgiji, Mobutu na Tshombe unajitosheleza, kila pingu ina jina la mtu. Lakini naamini alikuwa kati ya watu waliohakikisha kwamba Lumumba anabaki peke yake. Alimtorosha aliyemgeuka. Alikaa na waliomchukia, akajua kila mmoja anaogopa nini. Inapofika siku ya ndege, hakuna aliyebaki mwenye nguvu ya kusema hapana. Kama mtu wa miaka 88 anasema "mimi ndiye niliyepanga", huenda hilo ndilo aliloliona yeye anapotazama nyuma.

Ndugu wa Lubumbashi, ndiyo maana wazee wenu hawakumtaja. Kazi yake ilikuwa asitajwe.

Mchangiaji, Kigoma

Mimi kinachoniuma ni kile cha mwanzo. Alikulia huku, alilishwa na ardhi hii, alilelewa kati ya watu wetu. Halafu ujuzi wote ule wa kuishi na sisi akautumia dhidi yetu.

Mchangiaji, Nairobi

Lakini Kigoma, alikuwa Mwingereza. Alitumikia nchi yake. Wangapi wetu tunatamani nchi zetu zingekuwa na watu wa kujitoa namna ile?

Mchangiaji, Kigoma

Kujitoa sikatai. Ila Lumumba naye alikuwa anatumikia nchi yake, na yeye alikuwa nyumbani kwake.

Mleta uzi

Nimewasoma wote wawili. Mimi nipo na Kigoma.

Kuna aliyeniuliza kwa ujumbe wa pembeni nini kilimpata baada ya Kongo. Kwa ufupi: alipewa nishani ya OBE 1960, akaondoka Kongo 1961. Mwaka 1964 akapelekwa Lusaka, Zambia ikiwa inapata uhuru. Alikuwepo pale Ian Smith alipotangaza uhuru wa walowezi Rhodesia, 11 Novemba 1965. Tanzania ikavunja uhusiano na Uingereza mwezi uliofuata, Mwalimu akakubali kupoteza mkopo wa pauni milioni 7.5. Zambia haikuvunja, haikuwa na namna, reli yake ilipita Rhodesia. Mafuta yake yakaanza kubebwa kwa malori kutoka Dar hadi Tunduma na kuendelea. Barabara hiyo inapita Mbeya, wakuu. Kutoka Mbeya hadi Chunya ni kupanda mlima tu.

Hanoi alikaa 1969 hadi 1970, mabomu yakiwa yamesimama kwa muda. Serikali ya kule haikumtambua kama konsuli. Aliomba hata baiskeli, akanyimwa. Akaomba basi ile ya watu wawili, askari wa usalama akae nyuma. Nayo akanyimwa.

Alistaafu 1979, akarudi Somerville kuwa mkuu wa chuo hadi 1989. Mwaka 1990 akapewa ubaroness. Alifariki 24 Machi 2010.

Mchangiaji, Chunya

Mkuu, swali langu la mwisho. Taarifa alizokuwa anaandika kule Kongo, zile za kila wiki, zipo? Mtu anaweza kwenda kuzisoma?

Mleta uzi

Hapana, ndugu yangu. Karatasi za Wizara ya Mambo ya Nje hufunguliwa baada ya miaka, ndiyo maana ule waraka wa Howard Smith tunaujua, upo kwenye Hifadhi ya Nyaraka za Taifa, Kew, London, na yeyote anaweza kuuagiza mezani akausoma. Za MI6 hazipelekwi Kew. Zimeachwa nje ya utaratibu huo kisheria.

Taarifa za balozi Scott za 1960 unaweza kuzisoma. Za konsuli aliyekaa barabara ya uwanja wa ndege, hapana.

Mchangiaji, Lubumbashi

Juni 2022 jeneza lenye jino lilipitishwa huku kabla ya kuzikwa Kinshasa tarehe 30. Nilisimama kando ya barabara na mama yangu mzazi. Lilikuwa jeneza la ukubwa wa mtu mzima. Mama aliniuliza kwa nini ni kubwa hivyo kama ndani kuna jino tu. Nilikosa cha kumjibu. Kesho nitamsomea uzi huu.